Ishirini bila? Mimi naionea wivu Latvia

Haya wadau, leo nina hasira kidogo, mnisamehe mapema.

Juzi kwenye kikao cha asubuhi pale kazini nilipeleka wazo la habari ndefu kuhusu Twiga Stars. Nilikuwa nimejipanga vizuri, nina daftari, nina takwimu, nimekunywa chai. Mkubwa mmoja wa meza ya michezo (simtaji, bado nataka kuendelea kula) akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyeomba baiskeli siku ya ada. "Dogo," akasema, "huo mpira wenu si ndio ule wa ishirini bila?" Chumba kizima kikacheka. Hata yule dada wa matangazo aliyekuja kuuliza nafasi ya ukurasa wa nyuma alicheka. Wazo langu likafia pale pale, tukahamia kwenye mgogoro wa usajili wa mchezaji ambaye hata bado hajatua uwanja wa ndege.

Ishirini bila. Mnaijua hiyo mechi, kila mtu anaijua. Kila ukianza kuzungumzia soka la wanawake, kijiweni, kwenye daladala au ofisini kwa wasomi, lazima atokee mtu wa kuitoa mfukoni kama kitambulisho. England 20, Latvia 0, tarehe 30 Novemba 2021, mjini Doncaster. Mjadala umefungwa, twende tukaongelee Simba na Yanga.

Niseme ukweli kabla hamjanisema. Usiku ule mimi nami nilicheka. Nilikuwa bado chuo, nikatuma kichekesho kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kitu cha kipa aliyechoka kuokota mipira nyavuni. Watu wakatuma vicheko vya kutosha. Dada mmoja aliyekuwa anachezea timu ya chuo akajibu kwa mstari mmoja tu: "Umeuangalia msimamo wa kundi lote, au umeangalia tokeo tu?" Sikumjibu. Sikuwa nimeangalia kitu. Imenichukua muda mrefu kwenda kuutafuta msimamo huo, na nilipouona nikaelewa kwamba tumekuwa tukicheka kitu ambacho hakina uhusiano wowote na jinsia ya waliokuwa uwanjani.

Lilikuwa Kundi D la Ulaya, kufuzu Kombe la Dunia la Wanawake la 2023. Timu sita: England, Austria, Ireland ya Kaskazini, Luxembourg, Macedonia ya Kaskazini na Latvia. England walicheza mechi kumi, wakashinda kumi. Walifunga mabao themanini. Waliruhusu sifuri. Narudia, themanini kwa sifuri! Walianza na Macedonia ya Kaskazini 8-0, wakaenda Luxembourg wakashinda 10-0, wakaenda Latvia wakashinda 10-0, halafu ndiyo ikaja hiyo ya ishirini. Waliporudiana na Macedonia ya Kaskazini ilikuwa 10-0, na wakafunga hesabu Septemba 2022 kwa kuwachapa tena Luxembourg 10-0.

Sasa ndugu zangu, huo ni mpira? Hapana. Hapo nakubaliana na wachekaji. Usiku wa Doncaster Ellen White alivunja rekodi ya Kelly Smith na kuwa mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya wanawake ya England. Rekodi kubwa, mwanamke kaitafuta kwa miaka, halafu anaipata kwenye mechi ambayo hakuna mtu anayekumbuka bao lake lilikuwa la ngapi. Hata yeye alistahili jioni bora kuliko ile. Wachezaji wanne tofauti walifunga mabao matatu au zaidi katika mechi hiyo moja. Kocha wao, Sarina Wiegman, hakuonekana kama mtu anayesherehekea. Alisema wazi kwamba matokeo ya namna ile hayamsaidii mtu.

Lakini swali ni hili: nani aliwaweka pamoja? Latvia hawakujipeleka Doncaster kwa miguu. Timu 51 za Ulaya zilipangwa kwenye makundi tisa kwa droo ya vyungu: mkubwa mmoja, wa kati wawili, wadogo wa kujazia. Upande mmoja una wachezaji wa ligi ambayo tangu 2018 klabu zake zote ni za kulipwa kwa kazi ya kutwa, wenye madaktari wao na wataalamu wa lishe. Upande mwingine una timu iliyokuwa nje ya mia bora za FIFA. Unatarajia nini? Na usidhani ni Kundi D peke yake. Siku tano kabla ya Doncaster, Ubelgiji waliifunga Armenia 19-0, kundi jingine, kufuzu kule kule.

Tena angalia ngazi ilivyokuwa ndani ya kundi hilo hilo. Ireland ya Kaskazini walifungwa na England 4-0 Wembley na 5-0 nyumbani Belfast. Ukiishia hapo utasema hawajui mpira. Ireland hao hao walikwenda Macedonia ya Kaskazini wakashinda 11-0! Na Austria, waliomaliza wa pili, walitoka nao sare ya 2-2. Yaani katika kundi moja kulikuwa na madaraja matatu yamefungwa kamba moja. Kosa la mchezaji wa Skopje liko wapi?

Kidogo nikumbushe kituko. Baada ya ile 5-0 ya Belfast, Aprili 2022, mbele ya umati wa watu zaidi ya 15,000, kocha wa Ireland ya Kaskazini, Kenny Shiels, aliulizwa kwa nini timu yake ilifungwa mabao ya karibu karibu. Akasema wanawake wana hisia zaidi kuliko wanaume, wakifungwa moja hawachelewi kufungwa jingine. Kelele zikawa nyingi, kesho yake akaomba radhi. Wengi wa wachezaji wake walikuwa na kazi nyingine za kuwaingizia riziki, na ni mwanzoni mwa mwaka ule tu ndipo wale wa ligi ya nyumbani walipowekwa kwenye mazoezi ya kutwa kujiandaa na Euro. Eti hisia!

Mnataka tuongelee hisia za wanaume? Tarehe 15 Novemba 2021, wiki mbili tu kabla ya Doncaster, England ya wanaume iliifunga San Marino 10-0 kufuzu Kombe la Dunia. Harry Kane peke yake alifunga manne. Ulisikia mtu kijiweni akisema basi mpira wa wanaume ufutwe? Aprili 2001 Australia iliifunga Samoa ya Marekani 31-0, Archie Thompson akafunga 13 peke yake. Ndiyo, thelathini na moja! Na walikuwa wanaume, na wengine walikuwa na ndevu. Watu walisema mfumo wa kufuzu wa Oceania ni mbovu, na ukabadilishwa. Hakuna aliyesema wanaume hawana kipaji.

Na sisi je? Novemba 2015, Blida, Algeria. Taifa Stars walitoka sare 2-2 Dar es Salaam tukaanza kuota ndoto, halafu tukaenda kule tukala saba. Saba bila, na ninakumbuka mtaani kwetu watu walizima redio kabla ya mpira kuisha. Kesho yake magazeti yaliandika kuhusu maandalizi, kuhusu kocha, kuhusu TFF. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamume wa Kitanzania hakuumbwa kwa ajili ya kandanda. Tulitoa sababu. Mwanaume akifungwa anatafutiwa sababu, mwanamke akifungwa yeye mwenyewe ndiye sababu.

Haya, sasa nije kwenye kilichonitia hasira kweli, kwa sababu mkubwa wangu alidhani nitaitetea Latvia kwa kuihurumia. Siihurumii. Naionea wivu.

Latvia, pamoja na aibu yote ile, walicheza mechi kumi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023. Kumi, kuanzia Septemba 2021 hadi Septemba 2022. Tano nyumbani na tano ugenini. Kila baada ya miezi michache kambi ilifunguliwa, kocha aliwaona wachezaji wake, binti wa miaka kumi na nane alipata kujua kasi ya mshambuliaji wa kiwango cha dunia ikoje. Wakifungwa Jumamosi, wanajua Jumanne kuna nyingine.

Twiga Stars, kuelekea Kombe la Dunia lile lile la 2023, walicheza mechi ngapi? Mbili.

Njia ya Afrika kwenda Kombe la Dunia ilipita kwenye WAFCON ya 2022, na kufuzu WAFCON ilikuwa mtoano, nyumbani na ugenini, ukitolewa basi. Tukapangiwa Namibia raundi ya kwanza. Wakatutoa. Mwisho wa hadithi. Na hapa ndipo naomba mkae chini. Tarehe 9 Oktoba 2021, Twiga Stars hawa hawa, wakiwa wageni waalikwa kwenye mashindano ya COSAFA kule Afrika Kusini, walicheza fainali na Malawi wakashinda 1-0. Mabingwa wa kusini mwa Afrika! Kombe likapigwa picha, tukaandika vichwa vya habari vikubwa. Mwezi huo huo wa Oktoba, haujaisha, mabingwa hao wakawa wametolewa kwenye safari ya Kombe la Dunia. Kwa dakika 180. Bingwa wa tarehe tisa alikuwa hana mechi ya kufuzu ya kucheza kabla hata mwezi haujaandama.

Msinielewe vibaya. Namibia walishinda kihalali, na mpira ndivyo ulivyo. Ninachouliza ni kwa nini wanawake wa Afrika wapimwe kwa kipimo cha kufa au kupona, wakati kaka zao wanapewa nafasi ya kukosea.

Maana kaka zao walikosea sana. Mnakumbuka tulivyofuzu AFCON ya 2019, ya kwanza tangu 1980? Leo tunaikumbuka ile siku ya 24 Machi 2019 tu, tulipoichapa Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa na nchi nzima ikalala mtaani. Tunasahau njia. Kundi L: Uganda, Cape Verde, Lesotho na sisi. Tulianza kwa sare ya 1-1 na Lesotho, nyumbani, Chamazi. Tukaenda Praia tukafungwa 3-0. Tukaenda Maseru tukafungwa bao moja, watu wakatukana kocha na ukoo wake. Mwisho wa yote pointi nane zikatosha nafasi ya pili na tiketi ya Misri. Sasa piga picha ule ungekuwa mtoano na Lesotho: sare nyumbani, kipigo ugenini, kwaheri. Wale mashujaa tuliowapokea kwa vuvuzela wasingekuwepo. Kundi ndilo lililowaokoa, siyo miujiza.

Twiga Stars hawajawahi kupewa deni la namna hiyo. Mtindo wa mtoano ulitumika kwa WAFCON ya 2022, ukatumika kwa ya 2024, ukatumika kwa ya 2026. Na bado wamepenya! Kwa fainali za 2024 walipoteza 2-0 ugenini kwa Ivory Coast, wakarudisha 2-0 hapa nyumbani, wakashinda kwa penalti. Halafu wakaitoa Togo, 3-0 hapa na kufungwa 2-0 Lomé. Ukihesabu ni mechi nne na mapigo ya moyo mia nne. Wakaenda Morocco Julai 2025, fainali zao za kwanza tangu 2010, kundi moja na Afrika Kusini, Mali na Ghana. Wakafungwa na Mali 1-0, wakatoka sare 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, Opa Clement akifunga kwanza, kisha Ghana wakatufunga 4-1. Ile 4-1 iliandikwa kila mahali. Ile sare na mabingwa watetezi nimeitafuta kwenye kumbukumbu za gazeti letu wenyewe, nikaikuta imekaa chini ya habari ya jezi mpya za klabu.

Halafu mtu ananiuliza kwa nini timu ilionekana kuishiwa mbinu kwenye mechi ya tatu. Kaka, kati ya Desemba 2023 walipofuzu na Julai 2025 walipocheza ni mwaka mmoja na nusu! Hebu wewe uendeshe gari mara chache tu kwa mwaka mmoja na nusu halafu uende ukaendeshe Ubungo saa kumi na moja jioni.

Ulaya waliiona aibu ya Doncaster wakafanya kazi. Novemba 2022 UEFA walitangaza mfumo mpya, Ligi ya Mataifa ya Wanawake, ikaanza vuli ya 2023: madaraja matatu, wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo, kupanda na kushuka. (Si jambo geni sana, miaka ya 1990 walikuwa na madaraja kwenye kufuzu Euro, wakayafuta, wakayarudia. Wazungu nao wanajifunza kwa kujikwaa.) Matokeo yake? England waliokuwa wanafunga ishirini wakawekwa na Uholanzi, Ubelgiji na Scotland. Wakafungwa na Uholanzi. Wakafungwa na Ubelgiji 3-2. Desemba 2023 wakaifunga Scotland 6-0 Glasgow, wakadhani wamevuka, Uholanzi wakapata bao la dakika za nyongeza, na England wakakosa nafasi ya kuipeleka Uingereza kwenye Olimpiki ya Paris kwa tofauti ya bao moja. Bao moja! Timu ya themanini kwa sifuri. Kufuzu Euro ya 2025 wakawekwa na Ufaransa, Sweden na Ireland, wakafungwa nyumbani na Ufaransa, wakatoka sare mbili na Sweden. Na wakaenda wakachukua kombe Julai 2025.

Najua mtaniambia pesa. Mkubwa wangu naye aliniambia pesa, nilipomfuata baadaye kwenye korido. "Mdogo wangu, shirikisho gani Afrika litaweza mechi kumi za wanawake? Ndege, hoteli, posho." Nikamwambia, sawa kaka, tusiende kumi. Chukua timu nne, ziweke mji mmoja, kila moja icheze tatu ndani ya siku nane au tisa. Ulaya wenyewe walifanya hivyo kwa miaka kwa timu zao ndogo, hatua za awali, timu nne kwenye kituo kimoja. Hesabu ni ya shule ya msingi. Timu nne kwenye mtoano wa nyumbani na ugenini zinasafiri mara nne kwa jumla na zinacheza mechi nne. Zikiwa kundi la mji mmoja zinasafiri mara tatu, kwa sababu mwenyeji haendi kokote, na mechi ni sita. Unaongeza siku za hoteli, ndiyo, sikatai. Lakini unapata mechi moja zaidi kwa kila timu, na unaondoa ile hukumu ya kunyongwa.

Na si ndoto. CAF wenyewe wanafanya hivyo kwa klabu! Ligi ya Mabingwa ya Wanawake, tangu ianze 2021, kufuzu kwake ni mashindano ya kanda. Simba Queens walichukua ubingwa wa kanda ya CECAFA Agosti 2022 hapa hapa Dar, wakaenda Morocco wakamaliza wa nne Afrika. Mwaka uliofuata JKT Queens wakachukua wao, Uganda. Kwa hiyo binti akivaa jezi ya klabu anastahili mashindano ya makundi, akivaa jezi ya taifa anastahili kamari. Nani anieleze hapo. Kenya, Uganda, Ethiopia, Rwanda, Burundi, sisi: hawa wote wanajuana, wamekutana CECAFA, mabasi yanafika.

Tena vipaji tunavyo, msinitanie. Mabinti wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia India 2022 wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Ufaransa! Wale watoto sasa ndio umri wa Twiga Stars. Swali ni watacheza mechi ngapi za maana kabla hawajachoka na kwenda kuuza duka.

Mkubwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akakuna kidevu. Akasema, "Andika, lakini fupi." Nikaandika maneno mia tisa. Leo asubuhi nimenunua gazeti letu pale kituoni kama raia wa kawaida. Imetoka, ukurasa wa ndani kabisa, juu ya tangazo la mnada. Aya tatu. Kichwa cha habari sikukiweka mimi: "Twiga Stars waepuke yaliyoikuta Latvia."